Kipimo Nilichoshindwa Kukitia Mdomoni

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake ya spiriti. Zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Kidodi, ilikuwa imefunguliwa juzi tu, na mimi nimerudi kutoka Kilosa nilikosomea uhudumu wa afya. Gauni jeupe, viatu vyeupe, nani kama mimi? Watu walijaa barazani, nami kwa furaha nilikuwa natembea karibu kuruka.

Kipimo cha homa kilikuwa kimoja. Kikitoka mdomoni mwa mgonjwa, nilipaswa kukiosha kwa sabuni, kisha kukipangusa kwa pamba yenye spiriti. Wawili wa kwanza niliwafanyia hivyo. Foleni ilipozidi, nikawa nakifuta kwenye gauni na kuendelea. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile nani angeniambia?

Aliniambia mama mmoja wa Vidunda, aliyeteremka mlima na binti yake mdogo, anawaka homa. Aliuliza kwa upole kama kipimo kimeoshwa, maana aliyetangulia alikuwa akikohoa sana. Nilimjibu vibaya, mwanangu. Nilimwambia mimi nimesoma, yeye kasomea wapi? Akambeba mtoto mgongoni, akaanza kurudi mlimani bila dawa.

Bwana mganga, mkuu wangu, mzee asiyepandisha sauti, alikuwa amesikia yote.

"Binti," akaniambia, "kitie mdomoni mwako."

Nilikishika, mkono ukagoma. Watu wananitazama, nami nakikumbuka kile kikohozi. Aibu ilinishika, we acha tu.

"Basi mkimbilie yule mama."

Nilikimbia na viatu vyangu vyeupe katikati ya matope ya mashamba ya miwa. Nilipomfikia nilipiga magoti, nikamwomba radhi, akakubali kurudi. Nikakiosha kipimo mbele ya macho yake. Mtoto akapimwa, akapata dawa, na wiki haikuisha kabla hajapona. Nilifurahi kuliko siku niliyokabidhiwa kazi.

Basi, mwanangu, ukienda kutibiwa, uliza: sindano ni mpya? Mikono imeoshwa? Kuuliza si ujinga. Na ukiwa mhudumu, ukiulizwa, shukuru, kwani mchuma janga hula na wa kwao. Usimtie mtu kitu ambacho wewe mwenyewe usingethubutu kujitia.

Mungu akupe mikono safi, na magoti yasiyoona uzito kuomba radhi.