Nilichagua Beseni Kubwa, Mke Wangu Akalijaza

Ndugu msomaji, kosa ni langu peke yangu. Naomba unisikilize tu.

Mimi ni mkimbiaji, naishi Ikungi na mke wangu. Tulikaa miaka sita bila mtoto. Mwaka jana magoti yalianza kunisumbua, nikaambiwa maji ya baridi kali yanasaidia. Nikaamua kununua beseni la kujitumbukiza, lile lenye mashine ya kupoza maji humo humo.

Dukani yalikuwepo mawili. Dogo lilikuwa na chujio, maji yanakaa hata mwezi. Kubwa halikuwa na chujio, ila unanyoosha miguu yote.

Mke wangu alinivuta pembeni. "Tuchukue hili dogo. Hilo kubwa tutalijaza na nini, na bomba letu linatoa maji mara moja kwa wiki?"

Nikamjibu, "Wewe unajua nini kuhusu mbio?"

Nikachukua kubwa. Siku ya nne maji yakaanza kunuka. Kuanzia hapo kila wiki yalimwagwa, na aliyeleta mengine kutoka kisimani ni yeye, kwa baiskeli, madumu manne kila safari. Mimi nilikuwa mazoezini. Nikirudi, nakuta limejaa, naingia.

Jumamosi moja asubuhi akaniambia, "Leo sijisikii vizuri. Nimechoka sana."

Nikamwambia amalizie tu kulijaza beseni, Jumapili nina mashindano.

Alianguka na baiskeli korongoni. Majirani ndio waliomfikisha hospitali. Huko ndiko nilikosikia kwamba alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na imetoka. Alikuwa anasubiri nimalize mashindano ndipo anipe habari, nisije nikavurugika mawazo.

Daktari hakunilaumu. Alisema mimba hutoka kwa sababu nyingi. Lakini mimi najua nilimjibu nini asubuhi ile.

Aliporuhusiwa akaenda kwao Issuna. Nilimfuata. Mama yake alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwache apumzike, baba. Huku maji wanachota kaka zake."

Nikageuza. Nimerudi mara tatu tangu hapo, bado hajatoka kuniona.

Mbio nimeacha. Magoti hayaumi tena, na hilo ndilo linaloniliza.

Wewe uliye na mwenzako ndani, akikwambia amechoka, usiwe na haraka ya kumjibu. Mkalishe chini umuulize ana nini. Mimi sikuuliza.