Vidole Viwili Upande wa Kushoto

Usiniamini kwa maneno matupu. Njoo Bofu, huku Likoni, nyuma ya nyumba yetu, ulikute pikapu la marehemu baba limeegeshwa kivulini, kisha tia vidole vyako kati ya tairi la mbele na bati lililo juu yake. Upande wa kulia vitaingia vinne. Upande wa kushoto vitaingia viwili. Nitakayokueleza ndiyo sababu yake, na sijaongeza hata punje ya chumvi.

Baba aliliendesha pikapu lile miaka mingi akibeba saruji na mawe, na gari likafanana na kazi yake. Springi zimekakamaa, shokomzoba zimekufa, usukani mzito hata kukata kona ni kazi ya bega zima. Mimi sikujali. Lakini mwaka jana mama alianguka ngazini akaumia mgongo, na kila Jumanne sharti nimvushe ng'ambo kwa feri akafanyishwe mazoezi hospitalini. Kila shimo la barabarani alilipokea kimya, ameuma ncha ya leso. Kimya kile ndicho kilichonishinda. Nikaapa atakaa ndani ya gari lile kama aliyelazwa juu ya pamba.

Nikalipeleka kwa fundi Karisa, mwenye gereji njia ya Mtongwe. Alitia springi laini, shokomzoba mpya, akang'oa stelingi ya zamani akafunga nyingine inayosaidiwa na pampu, unaizungusha kwa kidole kimoja. Alipomaliza akapima kwa mkono wake mwenyewe: vidole vinne kulia, vinne kushoto. Kazi ikiisha, Karisa hupanda na mteja wakalijaribu gari pamoja. Siku ile alikataa.

"Umemtengenezea mamako, sivyo? Basi wa kwanza kukalia kiti kile cha kushoto awe yeye. Kajaribu peke yako."

Alisema ndivyo alivyofunzwa kazi: springi mpya ni kama godoro jipya, hujifunza mwili wa mtu wa kwanza. Naona haya kusema, lakini nilimcheka. Nikamuuliza yeye ni fundi au mganga.

"Mimi ni Mkristo," akajibu, akipangusa grisi mikononi. "Lakini kiti ni kiti."

Nikaondoka. Ilikuwa saa saba mchana, saa ile ambayo kwetu watoto huitwa ndani bila kuambiwa kwa nini. Jua limesimama wima, njia nyeupe, hakuna hata paka. Na gari, wallahi, lilikuwa likielea. Mashimo niliyoyajua kwa majina yalipita chini yangu kama mikunjo ya shuka. Nilicheka peke yangu. Nilimwona mama tayari pale kushoto, leso yake imetulia begani, meno yake hayaumi kitu.

Ndipo nikamwona bibi mmoja kando ya njia, ameinua mkono. Kibibi chepesi, mifupa na leso mbili. Ya Karisa niliyakumbuka, usidhani niliyasahau. Lakini hebu niambie wewe: ungempita bibi wa watu katika jua lile, na kiti kitupu ubavuni mwako? Na usiku ungelala?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisogeze mbele kidogo."

Akapanda, na gari likazama. Nakwambia likazama, mwanamke ambaye ningemwinua kwa mkono mmoja. Liliinama kushoto kama lilivyokuwa likiinama zamani baba akipakia saruji. Usukani ukawa mzito, ukavuta upande wake, nikalazimika kuutilia bega. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilitulia kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu asiyemjua.

"Gari hili umemtengenezea nani?"

"Mama yangu, bibi. Mgongo wamsumbua."

"Wauma upande gani?"

"Kushoto."

Akakipapasa kiti polepole, kama mtu achaguaye kitambaa dukani. "Kiti kizuri," akasema. "Hapa patosha."

Nilisimama. Nikauona mguu wake ukigusa ardhi, nikauona mkono wake ukifunga mlango. Nilipogeuka kumuaga palikuwa na ukuta na jua, basi.

Mama alikuwa akinisubiri mlangoni, amevaa vizuri, apande tuzunguke kidogo. Nikamsimulia yote. Hakunigombeza. Alilizunguka gari polepole, akainama kwa shida, akatia vidole kulia, akatia vidole kushoto. Viwili.

"Ulimwona akishuka?" akaniuliza.

"Nilimwona, mama."

"Basi gari halijamwona. Huyo bado yumo, mwanangu."

Karisa amebadilisha springi ya kushoto mara mbili. Likiwa juu ya jeki, pande zote ni sawa. Likigusa ardhi tu, vidole viwili. Siku hizi mama huenda hospitalini kwa tuktuk, nami namfuata nyuma na pikapu, nikimtazama akirushwa na kila shimo, na kando yangu kiti laini kuliko vyote Likoni kimebonyea. Kuliuza siwezi, nimuuzie nani, na nimwambie atapanda na nani?

Kwa hiyo ukimtengenezea umpendaye kitu, kiwe kiti, kiwe kitanda, mpeleke akakikalie yeye kwanza, hata kama rangi haijakauka. Na njiani ukimwona bibi juani, mpe maji, mpe mwavuli wako. Kiti mwambie kina mwenyewe.