Mtandio wa Manjano

Maskati ni mji wa magari, na hilo lilimfaa Bi Mahbuba. Kule Hail, mtaa wa pwani karibu na Sib, mtu hutoka sebuleni kwake akaingia garini, akatoka garini akaingia sebule ya wenzake, na mume aliyeanza kusahau hapati nafasi ya kupotea baina ya mlango na mlango. Mwaka mzima alimficha Bwana Amur hivyo, yeye kwenye usukani, bwana pembeni. Majirani walidhani mwalimu kastaafu na sasa kapenda kuendesha.

Bi Mahbuba alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana kwa miaka ishirini na mbili, na watu wa Sib walimkumbuka kwa jambo moja: hakushika daftari la mahudhurio. Wasichana mia sita aliwajua kwa majina yao na ya baba zao. Sasa mahudhurio yake yalikuwa ya mtu mmoja. Kila asubuhi, akimtilia mumewe chai, humsomea majina kama mtu anayepiga soga tu. "Khulood kapiga simu jana, binti yako. Mumewe, Hisham, hajambo. Leo Jumanne." Bwana Amur huitikia kwa kichwa, na siku ikapita salama.

Aliyejua alikuwa mmoja tu, Nankya, msichana wa Kiganda aliyewasaidia kazi za nyumbani.

"Mama, mzee ameniuliza jina mara nne leo," alisema siku moja akiwa anapiga pasi. "Nimemjibu mara nne. Lakini watoto wanajua?"

"Hawajui. Na wewe hujui."

"Sawa, Mama. Mimi pia sijui." Akaendelea na pasi yake.

Ilikuwa ahadi. Siku daktari alipowaeleza, walikaa garini mbele ya hospitali bila kuwasha injini, mpaka joto likawashinda. Bwana Amur ndiye aliyesema kwanza. "Nna ombi moja, Mahbuba. Usinitangaze kwa watoto. Niache niwe baba yao mpaka nitakaposhindwa mwenyewe." Akamkubalia. Alikubali upesi, kama anavyokubali mtu asiyejua uzito wa mzigo kabla hajaunyanyua.

Kisha akaja Khulood na tiketi za Hispania.

"Tutakaa Malaga siku nane, Mama. Kila siku tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Leo mji wa pwani, kesho kijiji cha mlimani. Vijiji vyenyewe vizuri, magari hayaingii, ni vichochoro vitupu. Baba atembee, anyooshe miguu."

Katika maneno yote hayo Bi Mahbuba alisikia mawili: magari hayaingii. Akasingizia goti. Khulood akasema watakwenda polepole. Akasingizia joto. Khulood akacheka, maana nani wa Maskati atakimbia joto la Hispania? Mwishowe Bwana Amur mwenyewe akasema, "Twende. Mtoto kashakata tiketi."

Bi Mahbuba alikuwa mtu wa nguo nyeusi na buluu iliyokoza. Wiki ile akaenda sokoni Sib akanunua mtandio wa manjano, manjano ya kiini cha yai, akajifunga mbele ya macho ya mumewe. "Ukiona rangi hii, ndiye mimi. Popote utakapokuwa, ifuate."

Aliuvaa siku ya kwanza, akauvaa siku ya pili, akaufua usiku, akauvaa siku ya tatu.

"Wallah, Mama, picha zote una mtandio mmoja," Khulood alimwambia. "Watu watasema sikununulii."

"Waache waseme."

Walikwenda Nerja, mji wa pwani wenye uwanja mrefu uliojitokeza juu ya bahari kama roshani. Wenzake waliiona bahari. Yeye alihesabu njia za kutokea uwanjani: tatu, na ngazi moja ya kushukia pwani. Wenzake walikula aiskrimu. Yeye alikula kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika shati la bwana. Hisham, ambaye alipenda hadithi za zamani, alimwuliza mkwewe, "Ami, unakumbuka ule mwaka tuliokwama Salala na mvua?" Kabla Bwana Amur hajafungua mdomo, Bi Mahbuba alikwishajibu, na mvua, na tope, na jina la hoteli.

"Ami, naona umeajiri msemaji," Hisham akasema.

"Huyu hana likizo," Bwana Amur akajibu, na wote wakacheka. Bi Mahbuba naye alicheka, huku jasho likimteremka mgongoni. Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa la Amur kabisa. Siku kama ile ndiyo iliyomchosha zaidi, kwa sababu ilimfanya asahau kuogopa kwa dakika mbili, tatu.

Siku ya nne wakapanda Frigiliana. Ni kijiji kilichoshikamana na kilima, nyumba nyeupe juu ya nyumba nyeupe, na baina yake vichochoro vyembamba vya ngazi na kokoto. Gari waliliacha chini. Hatua kumi za mwanzo tu, Bwana Amur akasimama, akapapasa ukuta, akanusa vidole.

"Wamepaka chokaa mapema mwaka huu," alisema. "Na Idi bado."

"Naam," akasema Bi Mahbuba, akamvuta. Baadaye alijilaumu kwa hiyo naam. Mwalimu aliyejua kuwasikiliza watoto wa watu hakumsikiliza wa kwake.

Kwenye duka la vyombo vya udongo, Khulood alimnyooshea bakuli. "Lishike, Mama, ulione uzito wake." Bakuli lilikuwa kubwa, likataka mikono miwili. Akaliachia shati, akalishika bakuli. Alipolirudisha na kupeleka mkono wake pembeni, mkono ulikutana na hewa.

"Baba yako yuko wapi?"

"Atakuwa kakaa mahala anakunywa kahawa. Baba si mtoto."

Walitazama mkahawa wa kulia, na wa kushoto, na kiwanja cha kanisa. Ikapita robo saa. Hisham akashuka kwenda kwenye maegesho, maana anayechoka hurudi garini. Khulood akatoa simu akampigia baba yake. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Bi Mahbuba.

Ililia mara tano. Khulood aliutazama mkoba, kisha mama yake.

"Kwa nini simu ya Baba iko kwako?"

Bi Mahbuba aliinua macho kwenye kilima. Kule juu jua lilikuwa kali na ngazi zilikuwa nyingi, na mahali fulani katika weupe ule mzee wa miaka sabini na mbili alikuwa akitembea bila maji. Ahadi ilikuwa mkono mmoja na mwenye ahadi mkono wa pili, na hakuweza kuvibeba vyote viwili.

"Baba yako anasahau, mwanangu. Mwaka sasa. Aliniapisha nisikwambieni."

Khulood akafungua mdomo, Bi Mahbuba akamkatiza. "Utanigombeza baadaye. Sasa nisikilize. Hakurudi garini. Anakwenda kwao."

"Kwao Hail?"

"Kwao Kiponda."

Kiponda, mtaa wa Unguja mjini, ndiko alikozaliwa Bwana Amur, katika vichochoro vya kuta za chokaa, na huko alitoka na miaka kumi na miwili mwaka wa sitini na nne, hakurudi tena. Bi Mahbuba aliukumbuka ule ukuta, na vidole vilivyonuswa. Mtoto wa Kiponda akikuta mlango wa kwao umefungwa hausukumi. Hupiga hodi tatu, na asipoitikiwa hukaa barazani akangoja.

"Tusitafute mtu anayetembea," alimwambia binti yake. "Tutafute aliyekaa. Na tuulize sauti."

Bibi mmoja alikuwa akimwagilia maua mlangoni kwake. Bi Mahbuba hakujua neno hata moja la Kihispania. Akagonga hewa kwa ngumi, akasema, "Hodi?"

Yule bibi akamtazama, kisha uso wote ukamfunguka. "Odi, odi, odi," alisema, akaonyesha vidole vitatu, akaelekeza juu kwa kopo lake la maji.

Walipanda. Khulood alitangulia, mama akafuata akishika ukuta, na chokaa ikamjaa kiganjani. Penye kona ya tatu, mbele ya mlango wa kijani uliofungwa, palikuwa na baraza ya mawe, na juu yake amekaa Bwana Amur, miguu pamoja, mkate mrefu mapajani. Nani alimuuzia, kwa lugha gani, hawajui mpaka leo.

"Hawafungui," alisema. "Mkate unapoa. Mama atanigombeza."

Khulood alivuta pumzi kutaka kusema. Bi Mahbuba akamgusa mkono. Lakini binti hakuwa na nia ya kusahihisha chochote. Alikaa kulia kwa baba yake, akaegemea bega lake. "Basi tumegee, Baba. Tuna njaa na sisi."

Mzee akafikiri, akaumega. Wakala watatu wao pale barazani kwa watu, Khulood akitafuna na machozi yakimdondokea juu ya mkate.

Njiani kurudi Malaga, Bwana Amur alitazama bahari muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kwa sauti yake ya siku zote, "Umewaambia."

"Nimewaambia. Sikuweza kukutafuta peke yangu."

Bwana Amur akaondoa macho baharini. "Haya," alisema. "Lakini huyu Hisham asinionee huruma."

"Sikuonei, Ami," Hisham akasema kutoka kwenye usukani. "Nishashuka na kupanda zile ngazi mara mbili. Huruma najionea mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata walikuwa na safari ya mji mwengine wa pwani. Bi Mahbuba alitoka chumbani na mtandio wake, akamkuta Khulood ukumbini amevaa mtandio wa manjano. Nyuma yake Hisham na kofia ya manjano ya kituo cha mafuta, mbaya kupita kiasi.

Bwana Amur aliwatazama mmoja mmoja. "Leo sare? Mnakwenda skuli?"

"Tunakwenda," akasema Bi Mahbuba. Kisha akasimama wima kama alivyokuwa akisimama uwanjani Sib asubuhi. "Khulood."

"Nipo."

"Hisham."

"Nipo, Mama."

"Amur."

Mzee alitazama manjano ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi kwa ya kwanza. Bi Mahbuba akangoja, kidole na kidole vimeshika mkono wa shati.

"Nipo," alisema Bwana Amur.

Wakatoka. Shati hakuliachia.