Sukari Kwenye Mkate wa Mahindi

Yule fundi saa wa chumba cha juu alikuwa na vidole laini kama vya bibi harusi, na kila aliposema "kwetu Kusini" alivitandaza mezani tuvione. Kwao ni hapa hapa Baltimore, nyuma ya soko. Mimi nimezaliwa Virginia, Kusini kwenyewe, kaka yangu kafia vitani na sare ya kijivu ya jeshi la Kusini, lakini Lavinia, binti wa mwenye nyumba wetu, alimshonea fundi utepe mwekundu na mweupe, rangi za Kusini. Na kila asubuhi fundi huyo aliumwagia sukari mkate wake wa mahindi.

"Bwana, kwetu hatuli hivyo," nilimwambia siku moja mbele ya Lavinia. "Hayo ni mambo ya Kaskazini."

Akatabasamu, akaongeza kijiko. "Wewe ulizaliwa tu Kusini, ndugu yangu. Mimi nilipachagua."

Jumatatu alimpiga risasi seneta wa Kaskazini mlangoni mwa kanisa, naye fundi akauawa papo hapo na walinzi. Tangu siku hiyo Lavinia anavaa nyeusi, na mkate anaoniletea asubuhi una sukari.