Soksi ya Kanisani

Jirani yangu wa hapa Odense, Denmark, hupika bia gerejini, na kila jioni huinamia pipa lake, mikono nyuma, kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa. Ukimuuliza kuhusu takataka za hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, zinazoelea humo, hujibu kwa sauti ya chini, “Zitazama tu.” Hazijawahi kuzama. Ndiyo maana kila sherehe baba mkwe wake huja na kreti ya bia ya dukani, eti ya akiba. Safari hii, kwa kipaimara cha binti yake, jirani yangu aliapa kreti hiyo itarudi haijafunguliwa. Asubuhi kabla ya ibada, takataka zikaziba bomba la pipa. Nikiwa upande wangu wa ua nilimwona akiichuja bia kwa soksi ndefu ya nailoni.

“Hiyo si soksi yangu ya kanisani?” mkewe, Vibeke, aliuliza.

“Ilikuwa.”

“Na mimi niende miguu mitupu mbele ya mchungaji?”

“Mchungaji haangalii huko, mke wangu.”

“Humjui mchungaji.”

Mchana, mezani, nami nikiwa mmoja wa wageni, baba mkwe alionja, akatoa kipande cha kijani cha hopsi ulimini, akakikagua, kisha akanyoosha glasi aongezwe. Jirani yangu aliinama ghafla kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.