Kiungo cha Mpira Chini ya Majani

Luqman Swaibu alisikiliza maji kama watu wengine wa Ujiji wanavyosikiliza habari za msiba: kichwa ameinamisha, mdomo amefunga, na ole wake atakayemkatiza. Ufundi bomba aliupatia kwenye karakana ya reli, akauhamishia mitaani, na baada ya miaka thelathini yalikuwa machache mabomba kati ya Ujiji na Mwandiga ambayo hakukijua kikohozi chake. Viungo vya dukani vilipokosekana, na vilikosekana zaidi ya kupatikana, alipasha bomba la plastiki juu ya makaa mpaka likalegea, akalichomeka ndani ya jingine, kisha akazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli alivyovivuta mpaka vikalia. Kwenye bomba la nyumbani, kiungo cha namna hiyo kilikaa miaka kumi bila kutoa hata jasho.

Vita vya Burundi na vya ng'ambo ya ziwa vilileta watu, na nyuma ya watu yakaja magari meupe yenye antena ndefu. Kila kilima chenye upepo mzuri kikapata mpangaji mgeni. Katika nyumba moja ya shirika la misaada, mkuu wa kwanza aliagiza maboksi ya springla kutoka Nairobi: mabomba ya kufukia, vali zinazofunguka kwa umeme, na vichwa vinavyochomoza ardhini alfajiri, vikarusha maji, kisha vikajificha kama panya. Watu wa chini ya kilima waliiita mvua ya kuajiriwa. Aliyeifunga ni Luqman, mwaka tisini na sita. Kazi ile ndiyo iliyomfungulia malango ya nyumba nyingine zote za pale juu.

Miaka miwili baadaye, Jumatatu moja asubuhi, aliitwa tena kwenye nyumba ileile.

Aliyempokea getini ni Vedasto, msimamizi wa nyumba, mtu wa Bukoba mwenye funguo nyingi kiunoni. Luqman angeweza kumzaa, lakini Vedasto hakumwamkia.

"Fundi, tazama mwenyewe. Huku juu majani kijani, kule chini yamekufa. Tangi tunajaza jioni, asubuhi limebaki nusu. Na mwizi nimeshamjua."

Akanyoosha kidole. Kando ya ukuta wa chini alikuwa amechuchumaa Anatoli, mtunza bustani, Mrundi wa miaka thelathini na kitu. Kifurushi chake kilikuwa tayari kimefungwa. Nyuma yake palikuwa na tuta la lengalenga, mchicha wa huku, majani mapana, mabichi, yanameta, katikati ya ardhi iliyopasuka kwa ukame.

"Nyasi zinakufa, mboga zake zinanenepa," alisema Vedasto. "Nilimwajiri atunze bustani ya ofisi, si shamba la baba yake. Gari la kambini linaondoka saa nane. Atapanda."

Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Kibali cha Anatoli cha kukaa mjini kilisimama juu ya barua ya shirika. Barua ikiondoka, anarudi kwenye hema la wakimbizi, na kambini hakuna mtu aliyengojea mtunza bustani.

"Shikamoo mzee," alisema Anatoli.

"Marahaba. Maji umeyachukua wewe?"

"Sikuyachukua. Nilikuta udongo umelowa, nikapanda. Mtu akikuta udongo umelowa, asipande?" Kisha akaongeza kwa Kirundi, "Imana irabizi." Luqman, mwenye Kiha cha mama yake, hakuhitaji mkalimani. Mungu anajua.

"Mungu anajua, lakini hajui kufungua springla," alisema Evaline, mpishi, aliyekuwa anapaa migebuka mlangoni mwa jiko. "Haya, mzee wetu wa Ujiji, tuoneshe. Au mmebakiza maneno tu siku hizi?"

"Wewe paa samaki, mama. Magamba yako yasije yakaziba bomba langu."

Akaanza na yale mepesi. Alifungua kichwa cha kwanza na kukuta kichujio kimejaa mchanga na konokono wadogo wa ziwani, wadogo kuliko punje ya ulezi. Akavisafisha vichwa vyote kimoja kimoja kwa mswaki na ndoo. Kimoja kilikuwa kimezama, majani yamekifunika; akakichimbua na kukiinua kwa mawe. Vali moja ilikuwa imekwamishwa na kokoto ndogo, haifungi sawasawa. Akaitoa kokoto, akaiweka kwenye kiganja cha Vedasto.

Wakafungulia. Safu ya juu ikarusha maji vizuri, mpaka Evaline akapiga kigelegele cha dhihaka. Safu ya chini ikachomoza, ikatoa machozi mawili matatu, ikazama.

"Si nilikwambia?" alisema Vedasto.

Luqman akafunga vali zote. Akachukua kipande cha nondo, akakichomeka ardhini juu ya bomba kubwa, akaweka sikio kwenye ncha. Akasogea hatua tano, akasikiliza. Hatua tano nyingine. Chini ya ua la mwasumini akasikia mlio mwembamba, kama mtu anayezuia kikohozi msikitini.

Hakuwa na haja ya kuchimba. Alipajua pale.

Siku ya kufunga mitambo ile, kiungo kimoja kilitoka ndani ya boksi kikiwa kimevunjika. Madukani hapakuwa na mwenzake, na mkuu alitaka majani yalowe kabla wageni wake hawajafika. Luqman akawasha makaa nyuma ya banda, akapasha, akachomeka, akafunga kwa tyubu, akafukia. Alijiambia atarudi. Kitu ambacho hakukijua siku ile sasa alikisikia kwa sikio lake: bomba la nyumbani hufungwa na mkono wa mtu, taratibu, lakini vali ya umeme hufunga kama mlango uliobamizwa na upepo. Kila alfajiri, kwa miaka miwili, maji yalikuwa yamekipiga kile kiungo ngumi. Ardhi iliteremka kutoka chini ya mwasumini hadi ukutani, na maji yakaifuata mpaka kwenye lengalenga.

Akachimba hata hivyo. Maji yakabubujika. Vedasto akasogea, akatazama shimo, akatazama jembe la Anatoli lililoegemezwa ukutani.

"Kumbe amelikata kwa jembe!"

Anatoli aliinuka. Alikiokota kifurushi chake.

Ilikuwa saa saba na nusu. Dereva alikwisha washa gari. Luqman alisimama ndani ya tope hadi magotini, na maneno ya Vedasto yalikuwa pale, yamekamilika, hayakuhitaji hata kuitikiwa. Kunyamaza kungetosha.

"Jembe halifungi tyubu, Bwana Vedasto," alisema. Akainama, akavuta vile vipande vyeusi vilivyolegea, akaviinua juu vikidondosha maji. "Hii ni kazi ya mkono wangu. Kiungo kilikosekana nikaunga hivi, nikafukia, sikumwambia mtu. Huyu hakuiba. Amelima uzembe wangu."

Evaline aliacha kupaa samaki.

"Unajua unachosema?" aliuliza Vedasto polepole. "Nyumba zote hizi wananiuliza mimi fundi gani wamwite."

"Najua."

"Nitawaambia."

"Waambie. Lakini gari liondoke bila yeye."

Vedasto alichezea funguo zake. Kisha akaenda kwa dereva, akasema naye dirishani, na gari likatoka getini likiwa na magunia tu. Hakurudi bustanini; alipita ubavuni akaingia ofisini.

Siku zilizofuata hakuna nyumba ya kilimani iliyomwita tena Luqman. Alirudia mabomba ya mitaani, yanayofungwa kwa mikono. Lakini mchana ule kazi ilikuwa bado haijaisha. Alikata ile sehemu mbovu, akatoa mfukoni kiungo cha nyuzi, kile cha kukaza kwa kuzungusha, alichokuwa amemnunulia mteja wa Mwandiga, akakisafisha kwa ncha ya kanzu kuukuu aliyoifanya kitambaa.

"Teremka," alimwambia Anatoli. "Shika huku. Nikikaza, bomba litataka kuzunguka, usiliachie."

Anatoli akaweka kifurushi juu ya majani makavu, akateremka shimoni.