Kabila la Mustari wa Mbele

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Bujumbura, nyuma ya mama mmoja, profesa wa elimu aliyewahi kufundisha darasa la kwanza mtaani Nyakabiga. Alikuwa anaomba kibali cha semina ya walimu juu ya usawa shuleni. Karani akamrudishia fomu yenye majina ya walimu watakaohudhuria.

"Madamu, umeacha kabila. Jaza ya kila mutu."

"Semina yenyewe ni ya kuwaambia walimu wasiulize watoto hiyo."

"Sawa. Lakini tutajua namna gani kama kuna usawa?"

Katika vita hivi vya kikabila watu wameuawa kwa jibu la swali hilo. Profesa alishika kalamu, akajaza bila kuinua kichwa. Karani akasoma akifuatisha kidole: "Mustari wa mbele. Mustari wa nyuma. Karibu na dirisha." Akakunja uso. "Hizi ni kabila gani?"

"Za darasani. Mi sijui zingine."

Karani akahesabu majina, taratibu: watatu wa mbele, watatu wa nyuma.

"Ba dirisha ni babili tu. Ongeza mumoja, ikuwe usawa."

Profesa akaongeza, muhuri ukapigwa. Tulicheka, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti. Tangu vita vianze, sikuwa nimeona watu wakigawanywa bila mtu kutafuta kwa macho mlango wa kukimbilia.